Keki Miguuni mwa Cornelius

"Umemlaza ndugu yangu na keki miguuni, Ozella! Keki!"

"Punguza sauti, Earlene. Watu wako juu ya vichwa vyetu wanamlilia."

"Nimeinama kumnyoosha soksi, nikasikia harufu ya limau. Nikasema labda ndiyo dawa anayotumia Bwana Lathrop siku hizi. Nikafungua kopo. Keki ya siagi! Nzima! Na umeimwagia sukari juu!"

"Mayai kumi na mawili yameingia mle," nikamwambia. "Kuna watu wamezikwa na vitu vibaya kuliko hivyo."

Vernelle, aliyekuwa akikaanga kuku, aligeuza uso ukutani, mabega yakawa yanamtikisika. Earlene hakucheka. Alikuwa amevaa mavazi meupe ya mama wa kanisa, meupe tangu kofia hadi viatu, na glavu nyeupe, na vidole viwili vya glavu ya kulia vilikuwa vinang'aa mafuta ya keki yangu. Alivinyoosha mbele ya pua yangu kama polisi aliyepata ushahidi.

"Nataka kopo langu."

"Lipi?"

"Usinichezee leo, Ozella. Siku nyingine zote, lakini leo hapana."

Sauti ilimtetemeka. Earlene Gaines nimemfahamu miaka arobaini na sikuwahi kusikia sauti yake ikitetemeka, hata alipomzika mumewe. Nikaacha kutabasamu.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, mwaka 1988, theluji imepanda mpaka kwenye vidirisha vya jiko letu la chini ya kanisa. Saa nne na nusu asubuhi. Juu yetu Cornelius Broadnax alikuwa amelala ndani ya jeneza lililo wazi, kwenye suti ya kahawia aliyojishonea mwenyewe, na nusu ya watu wa upande wa kusini wa Chicago walikuwa kwenye foleni kumwangalia. Saa tano kasoro kidogo Bwana Lathrop, mwenye shughuli za mazishi, angefunga kifuniko, na kikishafungwa hakifunguliwi. Earlene alitaka kabla ya hapo kitu kimoja kiingie mle ndani na kiende chini ya udongo: kopo la bati lenye sinema ya mwisho ya mdogo wake. Nakala ilikuwa moja tu duniani.

Jana yake alikuja nyumbani kwangu kuidai. Nilimpa kopo limefungwa selotepu pande zote na uzi juu yake, naye akalichukua kwa mikono yake miwili akalitia chini ya satini, miguuni pa marehemu, akaenda kulala kwa amani. Kopo la sinema na kopo la keki ukiyaweka pamoja huyatofautishi, mtu yeyote aliyewahi kuoka atakuambia. Kosa langu lilikuwa limau. Ningetia vanila kidogo tu, asingesikia kitu.

"Vernelle," Earlene akasema bila kumtazama, "panda juu uone kama viti vinatosha."

"Mama Gaines, kuku ataungua."

"Aungue."

Nimepika kwenye jiko lile mazishi hata idadi imenipotea, na sijawahi kusikia mtu akisema kuku wa mazishi aungue. Vernelle naye hajawahi. Aliniangalia mimi, akazima moto, akatoka anajifuta mikono kwenye aproni, mdomo wazi.

"Haya. Tumebaki wawili. Liko wapi?"

"Limelala salama."

"Kwenye friza yako halipo. Nimemtuma mwanangu asubuhi na ufunguo wa mwenye nyumba. Amekuta samaki na miguu ya nguruwe."

"Amefungua friza yangu! Amefunga mlango vizuri lakini? Ule mlango unataka upigwe goti."

"Ozella!"

Cornelius aliweka sinema zake zote kwenye friza yangu. Aliniambia filamu ikikaa kwenye joto huoza, na ikioza hunuka siki, na kilichooza kimekwenda. Basi miaka yote hiyo nikitaka kambare nasogeza kwanza makopo ya Cornelius.

Mchungaji juu alikuwa na karatasi ya maisha ya marehemu yenye mistari sita, na Earlene ndiye aliyewapa watu wa kuchapa maneno. Amezaliwa, ameokoka, amefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, ameimba kwaya, amelala. Sinema haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Ukiisoma utadhani tunamzika bahasha.

Mimi ndiye niliyepaswa kupewa ile karatasi. Ningesema kwamba Cornelius alipanga barua usiku na mchana alifanya kila kitu kingine. Alichora mabango ya vinyozi wote kutoka reli mpaka ziwani, na vichwa alivyochora vilikuwa vizuri mpaka wateja wakawa wanakataa kutoka kwenye kiti kabla hawajafanana navyo. Alipiga tarumbeta. Alishona. Aliandika mashairi nyuma ya fomu za posta. Mwaka 1958 alinunua kamera kwa mtu wa harusi aliyekuwa anaacha kazi, akatuita sote uani na kutuambia kwamba kuanzia siku ile sisi ni waigizaji. Hakuna aliyetuomba ruhusa wala sisi hatukumwomba mtu ruhusa. Wenye majumba makubwa ya sinema walimwambia sinema ya watu weusi watupu, iliyotengenezwa na mtu mweusi na karani wa posta juu yake, haina wa kuitazama. Akasema sawa. Akaiweka kwenye buti la gari, akawa anaionyesha kwenye makanisa, kwa vinyozi, kwenye uchochoro wetu juu ya shuka langu la kitanda. Siku ya kwanza watu walijaa uchochoroni mpaka matofali mawili yakatoka ukutani yapate nafasi ya kuona. Polisi mmoja alipita na farasi wake awatawanye watu. Polisi akaondoka, farasi akakataa. Alikaa mpaka mwisho, na waliomshika hatamu waliniapia kwamba shingo yake ilikuwa imelowa machozi.

Sinema ya pili ilitaka theluji na sisi tulikuwa Agosti. Cornelius akanunua viazi vya unga, vile vya kukoroga na maji ya moto, magunia saba, tukapanda kwenye mapaa tukavimwaga. Theluji safi kabisa. Mimi nilikuwa maiti, nimelala chini, nimefunikwa, na nililala kweli nikakoroma mpaka Cornelius akabadilisha hadithi, maiti akawa mgonjwa. Halafu mvua ikanyesha. Jua likatoka. Mtaa mzima ukawa uji wa viazi mpaka magotini, na watu wakatoka na vijiko na siagi. Wiki ile hakuna aliyepika.

Kwenye nyingine, ndefu kuliko zote, niliigiza malkia, na Earlene huyu huyu aliigiza mwanamke anayecheza dansi kwenye baa. Alikuwa na miguu! Sasa ukimkumbusha anasema yule alikuwa mtu mwingine.

Lakini kopo tulilokuwa tunaligombania halikuwa na theluji wala malkia.

"Yule kijana wa chuo, wa kuchukua sinema, amefika," Earlene akasema. "Amekaa benchi la nyuma, koti la kijivu. Ana orodha mkononi. Nimepita nyuma yake nikasoma. Sinema nne, Ozella. Nne."

"Najua."

"Cornelius aliwaandikia nne."

"Alisaini ile karatasi zamani. Alisema akifa wazichukue siku ile ile ya mazishi, kabla ndugu hawajagombana." Nikamtazama. "Alikujua."

"Alikuwa mjinga!"

"Alidhani baba yenu atatangulia. Wewe hukudhani hivyo? Sote tulidhani. Mzee ana miaka themanini na tisa. Nani alijua Cornelius ana moyo mbovu? Hata mimi hakuniambia, na mimi alikuwa ananiambia mpaka anavyoota."

Earlene alikaa kwenye kiti cha kumenyea viazi. Juu mpiga kinanda alianza kupiga taratibu, ile sauti ya kuwaambia watu foleni inakaribia mwisho. Akainua macho darini.

Mwaka 1979 Cornelius aliweka kamera jikoni kwa mama yake, akamwambia amenye njegere na aongee. Mimi nilishika maikrofoni iliyofungwa kwenye mti wa ufagio, juu ya kichwa cha mama, saa nzima, mpaka mikono ikafa ganzi. Basi yote niliyasikia kabla hayajakauka. Alisema habari za Mississippi, mwaka 1927, siku ya kupima pamba. Mpimaji alikuwa anaweka mguu wake chini ya gunia, mzani usome pungufu. Mumewe akamwambia, "Toa mguu wako." Mpimaji akachukua mjeledi. Mumewe akachukua jiwe la mzani. Alipiga mara moja tu, na yule mtu hakuamka. Adhuhuri hiyo hiyo walikuwa chini ya mbegu za pamba kwenye gari la nyumbu, baba, mama, Earlene wa miaka mitano na Cornelius wa miwili, na siku ya tatu wakashuka Chicago wakiwa na jina jipya ambalo mama alilisoma kwenye ubao wa duka kupitia dirisha la treni.

Yule baba, muuaji wa mpimaji, ndiye Mzee Amos Broadnax, shemasi, anayegawa peremende kwa watoto, na dakika hiyo alikuwa juu yetu, kwenye ofisi ya mchungaji, akisubiri kuongozwa kwenye benchi la mbele amzike mwanawe. Hakujua kwamba mkewe alisema. Mama alikubali kwa sharti moja, isionyeshwe watu wa nje mpaka mzee aondoke duniani. Halafu yeye mama akatangulia, na sasa Cornelius naye.

"Kesi ya mtu aliyeuawa kule haizeeki," Earlene akasema. "Nilisoma gazetini. Mzee wa miaka themanini, wakamfuata mpaka kwenye kitanda cha hospitali. Yule kijana akiichukua leo, kesho wanaiwasha ukutani mbele ya watu mia mbili. Mji umetajwa. Siku imetajwa. Jina la aliyekufa limetajwa."

"Ndiyo maana nimeificha na yeye asiipate! Acha nikae nayo. Mzee akiondoka, nitawapa."

"Wewe una miaka sitini na nane na presha. Ukianguka kesho bafuni, nani atafungua ile friza?"

"Nitaandika."

"Kwa kalamu gani? Hujui kuandika!"

Hilo lilikuwa kweli.

"Wewe mwenyewe sijawahi kukuogopa," akaendelea, taratibu sasa, na hiyo iliniuma zaidi. "Umejua miaka tisa. Ungeweza kusimama dukani ukalisema lote, watu wangecheka, wangekuomba na ile ya farasi. Maneno yako ni upepo, Ozella, usinikasirikie. Lakini ile ina uso wa Mama. Nani atamwambia Mama muongo?"

"Ndiyo sababu siwezi kukupa uizike."

"Ni mama yangu!"

"Na ni kazi ya Cornelius. Zile nyingine alizitengeneza ili tucheke. Ile moja hakuigusa. Mtu aliyejua kupiga tarumbeta hakutia hata wimbo! Alikaa nyuma ya kamera akawa analia kimya kimya ili sauti isiingie, mimi nilimwona. Aliniambia, dada Ozella, ukitupa zile tatu utanisikitisha, lakini hii ukiipoteza utakuwa umenizika mara mbili. Nikamwapia. Mimi nadanganya kuhusu farasi, Earlene, sidanganyi mtu aliyelala kitandani anakufa."

Juu viatu vilikuwa vinapita, vinapita.

Earlene akageuza kichwa polepole, akatazama meza ya vitamu. Makopo tisa ya keki yalikuwa yamepangwa pale, matatu matatu, ya wanawake mbalimbali. Kwetu kila anayeleta chombo jikoni kwa msiba hubandika selotepu kitakoni na jina lake, la sivyo hakioni tena mpaka ufufuo. Langu mimi ninabandika vipande viwili, msalaba. Nikamwona macho yake yanahesabu.

"Usiniambie umethubutu," akasema.

"Nimethubutu nini?"

Alivua zile glavu, akaenda mezani, akainua kopo la kwanza akatazama chini, akalirudisha. La pili. Alipata msalaba wangu kwenye la nne, akaling'oa kifuniko: keki. Msalaba wangu tena kwenye la saba, akafungua: pai ya viazi vitamu. Akabaki amesimama anapumua. Alikuwa amemaliza yenye alama yangu. Nilijitia kufuta karai.

Mlango ukafunguka, Vernelle akaingia mbio na baridi yake.

"Viti vinatosha, Mama Gaines, ila Mzee Amos kizunguzungu kimemshika. Hajala tangu jana. Anasema hawezi kukaa ibada nzima bila kitu tumboni, anataka kipande cha keki ya Hattie Crumb, ya Hattie tu, hataki ya mtu mwingine." Na huku anasema ameshanyakua kopo la mwisho la mstari wa chini, amegeuza kitako akasoma selotepu, Hattie Crumb, akachukua na kisu. "Nzito leo! Hattie ametia nini humu, mawe?"

Akaelekea mlangoni.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angepanda nalo juu, lingefunguliwa mbele ya mzee, filamu nzima ingemwangukia mapajani, na mwandiko wa mwanawe juu yake: Mama, jikoni, 1979.

"Siyo hilo!" nikapiga kelele.

Vernelle akasimama. Earlene akanigeukia. Hakutazama kopo, alinitazama mimi, na sikuwa na uso wa kumdanganya nao.

"Lete hapa, Vernelle," akasema.

"Lakini mzee…"

"Mwambie inakuja. Nenda."

"Niende tena?"

"Nenda, binti yangu."

Vernelle aliweka kopo mezani kama mtu anayeweka yai, akatoka na kisu chake mkononi. Mimi na Earlene tulilifikia pamoja. Yeye alishika upande mmoja na mimi mwingine. Wanawake wawili wazima, mmoja mama wa kanisa, tunavutana kopo la bati jikoni kama wasichana na kamba ya kuruka.

"Achia, Ozella."

"Achia wewe."

"Ulibandua jina la Hattie!"

"Hattie atanisamehe. Achia, utaumiza vidole."

Mlango ukagongwa, bila kufunguliwa. Sauti ya Bwana Lathrop, ile laini kama pamba ya dawa. "Mama Gaines? Dakika tano, halafu tutafunga."

"Nakuja," Earlene akajibu, macho yake kwangu. Viatu vya Lathrop vikapanda ngazi.

Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia, na alilisema bila kuachia kopo.

"Cornelius alikuwa na miaka miwili. Kwake ile ni hadithi. Mimi nilikuwa na mitano. Nilikuwa chini ya zile mbegu, zinaingia puani, zinaingia machoni, na ndugu wa yule mpimaji wamesimamisha gari, wanamuuliza mwendeshaji amebeba nini. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja. Aliziba na pua. Nikawa sipumui, nikamng'ata, na hakuondoa mkono. Unanisikia? Alikuwa tayari nife kimya kuliko nikohoe. Nina miaka sitini na sita, na nikivaa nguo ya shingo ndefu bado nausikia ule mkono. Hujawahi kujiuliza kwa nini sisemi sana na wageni? Na kwenye treni akawa ananiuliza, unaitwa nani? Nikikosea, kofi. Unaitwa nani? Kofi. Mpaka tunafika nilikuwa sikosei."

Kinanda kilibadilisha wimbo.

Sikuona nilivyoachia. Nilistukia tu mikono yangu iko pembeni, mitupu, na Earlene amelikumbatia kopo kwenye zile nguo nyeupe. Nilimwomba Cornelius msamaha moyoni. Nilisema, mdogo wangu, ungekuwa hapa ungeachia na wewe.

"Nenda basi," nikamwambia. "Dakika zinakwisha."

Hakwenda. Alifika mpaka kwenye kona ya meza, akasimama.

"Sikuitazama mpaka mwisho," akasema. "Alipotuonyesha, baada ya kumzika Mama, niliinuka nikachomoa waya wa projekta. Pale kwenye gari la mbegu. Sikuweza. Baada ya pale alisema nini?"

"Ukiniuliza mimi utapata na chumvi."

"Leo usitie."

Nikajaribu kukumbuka bila kutia. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani.

"Alimaliza njegere," nikasema. "Akasukuma bakuli pembeni. Akasema, miaka hamsini na miwili nalala na mwanaume huyu namwita kwa jina la duka. Kitandani, jina la duka. Nikizaa, jina la duka. Akasema, Amos ni mtu mzuri, lakini mimi sikuolewa na Amos, na yule aliyenioa sijamwita tangu ile siku. Cornelius akamuuliza, unataka kumwita sasa? Mama akacheka. Akajifuta mikono. Akaangalia kule mlangoni, si kwenye kamera, akaita. Kama mtu anavyomwita mumewe kutoka shambani, chakula kiko tayari."

"Akalitaja jina?"

"Alilitaja. Zima zima."

Earlene alitazama kopo. Alilipapasa kifuniko kwa kidole kama mtu anayetafuta ufa.

"Litaje," akasema.

"Earlene, mtu anaweza kushuka…"

"Silijui, Ozella." Alisema kwa sauti ndogo nikalazimika kusogea. "Zile kofi zilifanya kazi. Najua kulikuwa na jina lingine, najua lilikuwa langu pia, nikitaka kulishika linapotea. Sikuwahi kumuuliza Mama. Baba ndiyo kabisa. Naenda kulizika na sijui ni nini. Litaje kama alivyoliita."

Juu kinanda kilikuwa kimenyamaza. Walikuwa wanatusubiri. Bwana Lathrop bila shaka alikuwa ameshika kifuniko. Mimi nimeigiza malkia, nimeigiza maiti, nimeigiza mambo mengi kwenye sinema za Cornelius, lakini sikuwahi kumwigiza mama mbele ya binti yake. Nikajifuta mikono kwenye aproni kama mama alivyofanya. Nikageuka upande wa mlango kwa sababu yeye aligeuka upande wa mlango, nikaita kwa sauti yake ile ya shambani, yenye mkia mrefu:

"Silaaas! Silas Mabry! Njoo ule!"

Mlango Vernelle hakuukaza, ulikuwa umefunguka nusu. Kwenye ngazi ya mwisho alikuwa amesimama Mzee Amos, mkono kwenye reli, ameshuka mwenyewe kufuata keki ambayo haikuja.

"Naam," akaitika.